Vumbi Halipigi Hodi: Kijana Wetu, Masizi na Maabara Zilizofungwa



Wiki chache zilizopita, baada tu ya swala ya Isha, shemeji yangu alinipigia simu kutoka Kisauni. "Shemeji, njoo umtazame mwanao. Yuwataka kutuchoma moto." Nilipofika, nyumba nzima ilikuwa giza, stima imekatika, na wapangaji wa ghorofa ya juu wamesimama mlangoni na tochi za simu wakiuliza kulikoni.

Kijana nilimkuta chumbani, ameketi sakafuni, macho mekundu yanamtoka machozi. Ana miaka 19. Amemaliza kidato cha nne kwa alama si haba, karo ya chuo haijapatikana, na mchana huwasaidia mafundi wa jua kali. Mbele yake palikuwa na mashine ya kuchomelea vyuma aliyoazima, vijiti viwili vyeusi alivyovitoa ndani ya mawe ya redio, ndoo ya maji, na chupa ya achari iliyooshwa. Ndani ya chupa mlikuwa na masizi, kama kijiko kimoja cha chai.

"Ami, usinigombeze kwanza," aliniambia. "Hii si taka. Hizi ni nanotyubu za kaboni. Wajapani hutia kwenye betri. Zina nguvu kushinda chuma."

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, lakini maneno yalinikwama. Mimi nina stashahada ya umeme. Niliweza kumweleza kwa nini stima ilikatika. Sikuweza kumwambia kama kilichomo chupani ni kweli au si kweli. Basi nikarudi nyumbani, nikasoma, nikauliza wajuao. Ninayoandika leo ndiyo jibu langu kwake, na ni jibu kwa wazee wenzangu pia, maana huyu si peke yake. Vijana wenye simu mkononi na sayansi kichwani wamejaa Pwani hii. Wanachokosa ni mahali pa kuifanyia.

Mkeka uliokunjwa

Kwanza tujue hicho anachokitafuta ni nini. Makaa ya jikoni, masizi ya chini ya sufuria, ule weusi wa ndani ya penseli na almasi ya pete, vyote hivyo asili yake ni kaboni. Kinachovitofautisha ni jinsi atomu zake zilivyopangwa. Katika grafaiti, yaani ule weusi wa penseli, atomu zimesukwa tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyopandanishwa dukani. Ndiyo maana penseli huandika: kila ukiikokota juu ya karatasi, mikeka michache inateleza na kubaki pale.

Sasa chukua mkeka mmoja tu, uukunje mpaka kingo zake mbili zikutane na kushikana. Umepata mrija. Huo ndio nanotyubu ya kaboni. Ukikunjwa kufuata msuko kwa namna moja, mrija hupitisha umeme kama waya wa shaba. Ukikunjwa kwa mshazari wa namna nyingine, unakuwa kama zile malighafi za kutengenezea chipu za simu. Kitu ni kile kile, mkunjo ndio umebadilika.

Udogo wake ndio unaosumbua akili. Ichukue milimita moja uigawanye vipande milioni. Kila kipande ni nanomita moja. Mrija wenye ukuta mmoja una upana wa nanomita moja au mbili. Unywele wa binadamu ni kama nanomita 80,000. Na mrija huo mwembamba, ukiupima peke yake, una nguvu ya kustahimili mvuto mara nyingi kuliko chuma cha pua, huku uzito wake ni mdogo sana. Leo mirija hii hutiwa ndani ya baadhi ya betri za lithiamu ili umeme upite vizuri, na ndani ya plastiki ngumu za fremu za baiskeli na raketi za tenisi. Kwa hiyo kijana hakudanganywa. Kitu kipo na kina kazi.

Sifa ya kukigundua hupewa Sumio Iijima, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya NEC. Mwaka 1991 alitazama kwa hadubini ya elektroni masizi yaliyoganda kwenye kijiti cha grafaiti baada ya kupigwa mwali wa umeme, akaona mirija ndani ya mirija. Lakini Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walikuwa wamechapisha picha za mirija kama hiyo mwaka 1952. Waliandika kwa Kirusi, na dunia ya upande wa pili haikuwasikia. Hilo nalo ni somo kwa sisi tunaoandika kwa lugha zetu.

Si jambo geni kwetu kama tunavyodhani

Wako watakaosema haya ni mambo ya Wazungu na Wajapani, sisi tushughulike na samaki na nazi. Nawaomba wasubiri kidogo.

Mwaka 2006, kundi la wanasayansi lililoongozwa na Peter Paufler wa Dresden, Ujerumani, lilichukua kipande cha upanga wa karne ya 17, wa kile chuma mashuhuri cha Damascus. Wakakiyeyusha kwa asidi, wakatazama kilichobaki. Wakaripoti kwamba wameona mirija ya kaboni. Wako wanasayansi waliotia shaka, lakini hoja yenyewe ni nzito: mafundi waliokuwa wakipasha moto na kufua, wakipasha na kufua, kwa chuma kilichopikwa Bara Hindi ndani ya vyungu pamoja na kuni na majani, huenda walitengeneza nanotyubu bila kulijua hata jina lake.

Na sisi wa mwambao hatukuwa watazamaji katika biashara ya chuma. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154 katika ikulu ya mfalme wa Sicily, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma ndicho kilichowapa faida kubwa. Akaandika pia kwamba chuma cha Sofala kilipelekwa India. Sisemi kwamba upanga ule wa Damascus una chuma cha Malindi. Ninachosema ni kwamba kijana wa Kisauni anayechezea moto na kaboni hajatoka nje ya ada ya kwao. Babu zake walikuwamo.

Kutengeneza si kazi, kujua ndiyo kazi

Turudi kwenye chupa ya achari.

Njia aliyoitumia kijana kimsingi ni ile ya mwanzo kabisa: vijiti viwili vya grafaiti vinakaribiana, umeme mkali unaruka katikati, joto linapita nyuzi 3,000, kaboni inakuwa mvuke na kuganda tena. Katika maabara kazi hii hufanywa ndani ya chombo kilichozibwa, hewa imenyonywa na kutiwa gesi ya heliamu, na umeme unaotumika ni ule unaokwenda upande mmoja. Mirija hujikusanya kwenye kijiti cha upande wa hasi.

Mashine nyingi za kuchomelea za jua kali zetu hutoa umeme unaogeuka upande mara 100 kwa sekunde. Vijiti vya mawe ya redio si grafaiti safi. Na hewa ya chumbani ina oksijeni, kwa hiyo sehemu kubwa ya kaboni inaungua tu kama makaa ya jiko. Kijana alikuwa amesikia kwamba maji hutatua tatizo la hewa, ndiyo ile ndoo. Ni kweli, maji husaidia. Lakini mwaka 2001 watafiti wa Japani na Uingereza walipopiga mwali wa umeme chini ya maji, walichoripoti kukipata zaidi si mirija, ni vidonge vya kaboni vyenye tabaka juu ya tabaka, wenyewe wakaviita vitunguu. Nilipomweleza hilo alicheka. "Kwa hiyo Ami, nimepika vitunguu?"

Nikamwambia hata hilo hatulijui, na hapo ndipo penye fundo. Hadubini ya shule haiwezi kumwonyesha, kwa sababu mwanga tunaouona na macho una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700; kitu cha nanomita mbili au kumi hupita katikati ya mwanga kama dagaa katika wavu wa papa. Inahitajika hadubini ya elektroni, ambayo bei yake ni mamilioni ya shilingi, au chombo cha leza cha kupimia mtetemo wa atomu, na mtu aliyefunzwa kusoma majibu yake.

Basi kutengeneza masizi ambayo huenda yana mirija ni jambo la jioni moja. Hata jiko la gesi la nyumbani na injini ya dizeli hutoa vijirija vya namna hiyo katika moshi wake. Kujua umepata nini, kiasi gani na safi kiasi gani, ndiyo sayansi. Bila hilo, kilichomo chupani ni masizi mpaka ithibitishwe.

Vumbi halipigi hodi

Sasa nije kwenye lililonikosesha usingizi, maana lile la stima kukatika ni dogo.

Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh walitia nanotyubu ndani ya matumbo ya panya ili waone mwili utazipokea vipi. Zile fupi au zilizojikunja kama uzi uliovurugika hazikufanya makuu. Lakini zile ndefu na zilizonyooka zilileta uvimbe na makovu kama yale yanayoletwa na asbesto. Sababu inaeleweka hata bila kusomea udaktari: chembe za ulinzi za mwili hujaribu kumeza kila kigeni kinachoingia; zikikuta kitu kirefu na kigumu kuliko zenyewe, hushindwa, nazo huumia zikijaribu.

Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikaa Lyon, Ufaransa, likaamua kwamba aina moja ya nanotyubu hizi huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Kwa aina nyingine zote lilisema ushahidi haujatosha kuamua. Tuwe waadilifu hapa. Haikusemwa kwamba kila nanotyubu ni sumu, na zile zilizogandishwa ndani ya plastiki ya raketi haziruki kuingia puani. Hatari iko kwenye unga mkavu, pale unapoukwangua kutoka kwenye kijiti, unapoumimina chupani, unapoufagia.

Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, mwaka 2013 ilipendekeza kwamba mfanyakazi asivute zaidi ya mikrogramu 1 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa nane. Nimefanya hesabu hiyo kwa chumba cha kijana wetu. Kina mita tatu kwa tatu, na dari iko mita tatu juu: mita 27 za ujazo. Kwa hiyo kiwango cha chumba kizima ni mikrogramu 27. Chembe moja ya chumvi ya mezani ina uzito wa kama mikrogramu 60. Maana yake, unga usiofika nusu ya chembe ya chumvi, ukiruka wote hewani, umeshafikisha kiwango. Naye ana kijiko cha chai kizima, feni inazunguka, na mlango wa pili ndipo anapolala dadake mdogo.

Juu ya hayo ongeza mengine yasiyohitaji utafiti wa Ulaya. Mwali wa umeme huunguza macho. Ndiyo yale machozi niliyoyaona. Kaboni inayoungua katika chumba kilichofungwa hutoa ile gesi isiyo na harufu, ile ile ya jiko la makaa inayoua watu usingizini. Na maji ya ndoo karibu na mashine ya umeme sina haja ya kuyaeleza.

Tusijidanganye pia kwamba masizi ni tatizo la kijana mmoja. Mwaka 2015 wanasayansi walichunguza majimaji ya mapafu ya watoto wenye pumu jijini Paris, wakakuta nanotyubu za kaboni. Watoto wale hawakuwa na maabara nyumbani. Walikuwa na mji wenye magari. Mama anayepikia kuni au makaa jikoni pasipo dirisha, na dereva wa matatu anayeshinda kwenye foleni ya malori ya Changamwe, wanavuta masizi kila siku kuliko huyu mvulana. Lakini wao hawakuyatafuta. Yeye anayazalisha kwa makusudi, na dini yetu haimpi mtu ruhusa ya kujidhuru wala kumdhuru mwenziwe, hata kama nia yake ni elimu.

Sisi Mombasa tunayo sababu ya pekee ya kuogopa vumbi lisiloonekana. Hatujasahau Owino Uhuru, kule Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwekwa ubavuni mwa nyumba za watu, na risasi yake ikaingia kwenye udongo, kwenye maji, na kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kupiga kelele baada ya mwanawe kuugua, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Julai 2020 mahakama ya mazingira ya hapa Mombasa iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua, na mwishoni mwa 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hesabu miaka hiyo yote. Vumbi liliingia bila kupiga hodi, haki ikaja ikitambaa, na wako waliofariki kabla haijafika.

Na asbesto je? Mapaa yake bado yako juu ya baadhi ya nyumba kuukuu, ingawa tangu 2006 sheria zetu zinaihesabu kuwa taka hatari. Aliyevuta vumbi lake ujanani huweza kuugua baada ya miaka 20, 30, hata 40. Ndiyo maana sikutosheka kijana aliponiambia, "Ami, mbona mimi sioni kitu, sikohoi."

Mlango tuliojengewa

Baada ya kusema hayo yote, ingekuwa rahisi nimalizie kwa kuwaambia wazazi: vunjeni vyombo, wapeni watoto mpira. Sitasema hivyo. Kumnyima kijana huyu bila kumpa badala ni kumfunza kwamba akili yake ni kosa.

Siku ya tatu nilipiga simu chuo kimoja hapa Pwani, nikauliza kama mtu wa nje, asiye mwanafunzi, anaweza kuingia maabara hata siku moja kwa wiki, chini ya mwalimu, alipe kidogo. Jibu lilikuwa la adabu na la haraka: maabara ni za waliosajiliwa. Jumamosi je? Jumamosi zimefungwa. Sikulaumu aliyejibu, ndivyo alivyoambiwa. Lakini nilikata simu nikikumbuka historia yetu.

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kile cha Tudor, kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu. Wazee wetu walioona kwamba vijana wa Pwani wanaachwa nyuma katika ufundi hawakungoja. Serikali ya mkoloni, Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na wazee wa hapa Mombasa walishirikiana, na mwaka 1951 wanafunzi wa kwanza wakaingia darasani. Mwaka 1966 kikafunguliwa kwa watu wote, 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Kilijengwa kwa sababu hii hasa: kijana mwenye mikono na akili apate meza ya kufanyia kazi.

Leo serikali inazungumza lugha ile ile kwa maneno mapya. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na Wizara ya Elimu imesema inataka takriban asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ni shabaha njema. Lakini sayansi haisomwi kwa kutazama picha. Mwanafunzi atakayeambiwa achague mkondo huo katika shule isiyo na maabara ya maana atafanya alichofanya mwana wa ndugu yangu: ataigeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara.

Kwa hiyo hoja yangu ni ndogo, na gharama yake si kubwa. Vyuo vikuu vyetu, cha Tudor na kile cha Pwani kule Kilifi, pamoja na vyuo vya ufundi, vifungue maabara moja kila Jumamosi kwa vijana wasio wanafunzi. Mwalimu mmoja wa zamu, fundi wa maabara mmoja, mahali penye kabati la kunyonya hewa chafu, miwani, glavu, na daftari la kuandika nani aliingia na alifanya nini. Kaunti zetu sita zinaweza kuchangia posho ya hao wawili. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema si kazi yake. Tunatoa basari kila mwaka, na ni jambo jema. Lakini basari humfikia aliyekwisha pata nafasi. Aliye nje ya lango hana fungu.

Wako watakaouliza: akiumia kijana wa nje, nani atawajibika? Swali ni la haki. Nami nauliza: akiumia chumbani kwake, yeye na dadake, nani atawajibika? Tofauti ni kwamba kule kuna mtu wa kumwambia simama.

Wakati tunangoja

Mwenyewe nilimwahidi kijana kwamba sitamwachia marufuku matupu, nikamtafutia kazi mbili zisizo na unga wa kuruka.

Ya kwanza ni penseli na selotepu. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, waliibandika selotepu kwenye grafaiti, wakaibandua, wakarudia tena na tena, mpaka wakapata tabaka lenye unene wa atomu moja. Huo ndio mkeka wenyewe kabla haujakunjwa. Jina lake ni grafini. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kijana wa Kisauni hatapata Nobel kwa selotepu, lakini ataona kwa macho yake weusi ukififia kila anapobandua. Na akikoleza mstari mnene wa penseli laini juu ya karatasi, ataweza kuwasha taa ndogo ya LED kwa betri ya volti 9 kupitia mstari huo, na kupima jinsi mwanga unavyopungua mstari unapokuwa mrefu. Hiyo ni fizikia ya kweli.

Ya pili ni kijiko na mshumaa. Pitisha mgongo wa kijiko cha chuma juu ya mwali mpaka uwe mweusi wote, dirisha likiwa wazi, kiache kipoe, kisha kitumbukize kwenye bilauri ya maji. Weusi utageuka fedha inayong'aa. Masizi yameyakataa maji, na utando mwembamba wa hewa umebaki katikati ukiakisi mwanga kama kioo. Ukimaliza, kioshe kwa sabuni, usikifute kikavu. Tulilifanya hilo barazani mbele ya shemeji yangu, na mara ya kwanza tangu usiku ule nilimwona akitabasamu. "Sasa hili," alisema, "nalielewa."

Na chupa ya achari? Tuliinyunyizia maji ili unga usiruke, tukaifunga kwa mfuniko na plasta, tukaitia ndani ya chupa nyingine kubwa zaidi. Sakafu tulipangusa kwa kitambaa kibichi, hatukufagia. Mashine ikarudi kwa mwenyewe. Kijana alibandika karatasi juu ya chupa akaandika tarehe, vijiti alivyotumia, umeme aliotumia, na mahali pa jina la kilichomo akaandika: "Haijulikani."

Nilimwambia hilo ndilo neno la kwanza la kisayansi aliloandika tangu aanze. Chupa iko kabatini kwangu, juu, mbali na watoto. Inangoja Jumamosi ambayo mlango wa maabara moja ya Pwani utakuwa wazi na ndani pana mtu wa kumwambia kijana huyu alichokipata: mirija, vitunguu, au masizi tu. Mkuu wa chuo au mjumbe wa bunge la kaunti atakayesoma haya, ajue chupa ipo na mwenyewe yuko tayari kuja.